Madirisha ya Nyumba ya Kuze

Mbachao ni mkeka mkuukuu uliochakaa. Mwenye kuutupa kwa kutamani msala mzuri apitao nao mwenzake, huenda akalala chini. Mzamil alifundishwa hayo tangu udogo, lakini kujua ni kimoja, kushika ni kingine.

Mzamil alikuwa karani katika ghala moja la Shimanzi. Marehemu babake alimwachia nyumba ya ghorofa mtaani Kuze, yenye kuta nene za matumbawe na chokaa, ua wa wazi katikati, na madirisha ya mbao yenye mianya ya kupitisha upepo. Jua la Februari liliwaka nje kama tanuri, na ndani mkawa baridi kama mtungini. Aliishi humo na mkewe Lamis na mamake, Bi Mwanakuu, aliyekuwa na maradhi ya pumu.

Mwaka wa 1998 mwenzake wa kazini alimkaribisha katika nyumba yake mpya. Mzamil aliona vioo vinavyometameta na mtambo wa kupoza hewa ukinguruma ukutani. Aliporudi kwake, kila alichokitazama kilimchusha. Akamwita Kenga, fundi mwashi, akamwagiza aufunike ua kwa zege, atie vioo mahali pa mbao, na azibe matundu yote ya hewa juu ya kuta ili baridi ya mtambo alioununua isitoroke.

Lamis aliuliza itakuwaje umeme ukikatika, akaambiwa asilete uchuro. Bi Mwanakuu alisihi aachiwe ua tu.

"Mwanangu, hapa ndipo ninapopatia pumzi."

"Pumzi utaipata kwenye mtambo, mama," Mzamil akajibu. Madirisha ya mbao akamuuzia mfanyabiashara wa vitu vya kale, yakasafirishwa ng'ambo.

Mwaka uliofuata mvua zilikosekana bara, mabwawa yakapungua maji, na umeme ukatolewa kwa mgao. Mtambo ukanyamaza mchana kutwa. Vioo viliingiza jua, na joto halikuwa na pa kutokea. Lamis alimpepea mkwewe kwa pepeo la ukili hadi mikono ikafa ganzi. Adhuhuri moja alimkuta ameanguka karibu na mlango, midomo imegeuka rangi. Majirani walimbeba juu ya kiti vichochoroni hadi barabarani, wakamkimbiza hospitali.

Mungu alimwafu. Alipotoka hakurudi Kuze. Alikwenda kwa nduguye, Bi Mwanaesha, ambaye nyumba yake ilikuwa bado na madirisha ya mbao.

Tangu hapo Mzamil hakuonja raha. Kila jioni, akiwa hoi kwa kazi za ghalani, alishika nyundo akavunja zege bega kwa bega na Kenga. Vumbi lilimjaa kooni. Matundu yalizibuliwa, ua ukafunguka, upepo ukaingia. Madirisha ya kale hayakupatikana tena. Yaliyochongwa mapya yalikuwa ya mbao hafifu.

Kazi ilipokwisha, alimwendea mamake, akambusu mkono, akamwomba radhi, akamsihi warudi nyumbani. Bi Mwanakuu akamketisha kando yake.

"Radhi nimekupa, mwanangu. Lakini nimechoka, na ngazi zile siziwezi tena. Niache hapa nipumue."

Mzamil alirejea peke yake. Upepo ulikuwa ukipita kutoka chumba hadi chumba, na kitanda cha mamake kilikuwa kitupu. Akaketi ukingoni mwake. Usiache mbachao kwa msala upitao.