Pombe Iliyoitwa Machi

Hapo zamani, Wadachi walipokuwa bado hawajaijua njia ya kuja kwetu kutusumbua, alikuwako kwao sultani mwenye tumbo kubwa na akili ya kuazima kwa waziri. Mji wake ulikuwa wa mbao, na kila kiangazi wapika pombe waliuunguza. Basi akapiga mbiu: tangu Aprili hata sikukuu ya mavuno, mwezi wa tisa, asiwashe mtu moto wa pombe.

Kisha akamwita Korbiniani, mpika pombe asiye na kitu ila sufuria na mdomo.

"Ewe fukara, nasikia wasema sokoni kwamba tumbo langu huingia mlangoni kabla yangu. Haya, siku ya sikukuu niletee mapipa thelathini ya pombe njema. Yakikosekana, kitanzi. Ukiwasha moto kiangazi, kitanzi vilevile."

"Shingo ninayo moja, bwana wangu. Hicho kitanzi cha pili avae nani?"

Waziri akatazama dirishani.

Ikawa Machi ndiyo kwanza imeanza. Korbiniani akapika mwezi mzima, akazidisha shayiri na yale maua machungu yanayozuia pombe isichache. Mapipa akayatia pangoni, akayafukia kwa barafu aliyoikata ziwani kabla haijayeyuka. Watu wakamcheka, eti anazika pombe. Yeye alijichekesha nao, ingawa alijua kwamba pombe ya siku zile haikuvuka miezi miwili bila kugeuka siki. Na Aprili ilipoingia, sultani akamwekea askari jikoni kiangazi chote.

Siku ya sikukuu Korbiniani akaja na mapipa thelathini. Sultani akanywa, akanywa tena, povu likamkaa masharubuni, kisha akakunja uso.

"Umeipika lini, mwizi wewe?"

"Machi, bwana."

"Mwongo. Ya Machi ingekuwa siki."

"Mwulize askari wako."

Askari akasema, "Bwana, jiko lile lilipoa hata paka akazaa ndani yake. Watoto sasa wanakamata panya."

"Ni hila," akasema waziri. "Anyongwe."

"Bwana wangu alikataza moto," akajibu Korbiniani. "Barafu hakuikataza, nami si mtu wa kuziongezea amri za wakubwa."

Sultani akacheka hata kiti kikalia. "Nayo yaitwaje?"

"Iite Machi, bwana. Mwakani nikiileta, usipate taabu ya kuniuliza nilipika lini."

Basi ikaitwa Machi tangu siku hiyo. Korbiniani akapewa pango liwe lake, na waziri akapewa shoka la kumkatia barafu. Mimi nimeishia hapo. Mwenye kiu akatafute sufuria yake.