Ubao wa Siti

"Mkono wa mtoto huchukua, mguu wa mzazi hurudisha."

Maneno haya aliyatamka Bi Nunu mlangoni mwake, alipopokea kandambili ya kitukuu wake kutoka kwa jirani aliyeileta mwenyewe, huku mtoto wa jirani huyo, aliyeivaa kwa makosa, akiwa kando yake. Jirani alipoondoka, wajukuu wakacheka. Kandambili moja tu! Si angemtuma mtoto? Bi Nunu akaketi, akawaambia kwamba methali hiyo ilianza hivi.

Zamani, katika mji mdogo wa Shungini, watoto wa chuo cha Kurani walisomea kwenye mbao. Mwalimu alimwandikia kila mtoto aya zake kwa wino wa masizi, naye akazikariri hadi siku ya kusikizwa na mwalimu. Akisikizwa akafaulu, alirudi na ubao nyumbani, mama akauosha, maji akayamwaga penye shina la mti, pasipokanyagwa na mtu. Lakini ole wake aliyeosha kabla ya kusikizwa! Huyo alihesabiwa kuwa ameikimbia aya, akarudishwa mwanzo wa sura.

Alasiri moja Bi Mwanaidi aliuosha ubao alioletewa na binti yake Kibibi, ambaye alikuwa amesikizwa asubuhi ile. Aliusugua ukatakata, akaenda kuutundika. Ndipo mkono wake ulipokosa kitu. Ubao wa Kibibi ulikuwa na kitanzi cha ukindu mwekundu alichokisuka yeye mwenyewe; huu ulikuwa na uzi wa katani.

"Kibibi! Ubao huu wa nani?"

Mtoto akautazama, macho yakamtoka. "Wa Siti, mama. Tuliegemeza mbao zetu ukutani pamoja, tukaenda kucheza. Nimeuacha wangu."

"Siti amesikizwa?"

"Bado. Ni kesho."

Bi Mwanaidi aliketi chini pale pale. Siti alikuwa binti wa Bi Mafunda, na mama hao wawili hawakusemezana tangu harusi za nyumba zao zilipoangukia siku moja, kila mmoja akadai kuwa mwenzake amemnyang'anya wageni.

"Wifi, kinakuhangaisha nini?" akauliza Bi Shali, dada wa mumewe, bila kuacha kuchambua mchele. "Kesho Kibibi atangulie, auchomeke katikati ya mbao za wenziwe. Nani atajua?"

"Siti atajua kwamba hakuosha. Na hakuna atakayemwamini."

"Basi mtume Kibibi aseme."

"Kibibi alichukua bila kujua. Nikimtuma peke yake, atabeba kosa lake na langu. Aliyeosha bila kutazama ni mimi."

Akajitanda kanga, akamshika mtoto mkono. Alitaka kuuficha ubao ndani ya kanga, kwa maana njia ilipita kisimani penye wanawake na ndimi zao. Kisha akaona haya ya kuona haya, akaubeba wazi kwapani.

Bi Mafunda alifungua mlango nusu.

"Makubwa haya! Wageni wangu ulishawachukua wote. Leo umekuja kuchukua mlango?"

"Nimekuja kurudisha," akasema Bi Mwanaidi. "Mwanangu alibeba ubao wa mwanao kwa kukosea, nami nikauosha. Siti hana kosa. Twende kwa mwalimu sasa hivi, nikaseme kwa kinywa changu."

Bi Mafunda akautazama ubao, mweupe kama muhogo uliomenywa. Nyuma yake Siti alianza kulia.

"Ungeweza kuurudisha kimyakimya."

"Ningeweza."

Bi Mafunda akaufungua mlango wote. "Ngoja nivae viatu," akasema.

Mwalimu aliwasikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia Siti asome alichokuwa nacho. Siti akaukazia macho ubao mtupu kana kwamba maandishi yangalipo. Katika aya ya tatu alikwama. Hakuna aliyemharakisha. Akaianza upya, akaipata, akafika mwisho.

"Ameoshewa ubao," akasema mwalimu, "hakuoshewa kifua. Nimemsikiza."

Kisha akawageukia watoto hao wawili. "Nani aliuchukua ubao huu?"

Kibibi akainua mkono.

"Na nani aliurudisha?"

Kibibi akainama. Alitazama miguu ya mama yake iliyojaa vumbi la njia nzima. Mwalimu akayafuata macho ya mtoto, akatabasamu, akayasema maneno ambayo Shungini yote iliyarithi.

Kesho yake Bi Mwanaidi alisaga masizi na gundi, akatengeneza wino wa aya mpya za Siti. Aliyemshikia chujio ni Bi Mafunda, na walibishana tangu mwanzo hadi mwisho kuhusu zile harusi, lakini sasa wakicheka.

Bi Nunu aliponyamaza, wajukuu hawakucheka tena. Mkubwa wao, Mwanamvua, ambaye mwanawe alirudi jana yake kutoka shuleni na kalamu ya rangi isiyo yake, aliinuka, akamwita mtoto, akaanza kutafuta viatu vyake mwenyewe.

"Naam," akasema Bi Nunu. "Mkono wa mtoto huchukua, mguu wa mzazi hurudisha."