Nta ya Tundu la Kushoto

Haya, kaeni kitako, na mwoga amshike mwenzake.

Palikuwa na zimwi lililokula watu na kutoa moto kwenye tundu moja la pua. Shujaa Sengwaji akaapa kuliua. Mganga akamwonya: pumzi ya tundu la kulia ni ya kiume, ina moto, ya kushoto ni ya kike, ina ubaridi. Zikipokezana, mtu hubaki mtu.

Sengwaji akacheka. Akaliziba tundu lake la kushoto kwa nta, awe moto mtupu.

Siku ya kwanza alilikata zimwi mkono. Akarudi nyumbani akifoka. Mkewe, Mwanashuru, akaichokoa nta, mumewe akapoa.

Siku ya pili alijiziba tena, akalikata mguu. Akarudi, akampiga mbwa wake mpaka akafa. Mkewe akaichokoa nta, ikatoka na damu, mumewe akapoa.

Siku ya tatu akaisokomeza nta ndani kabisa.

"Bwana, leo sitaifikia!" akalia Mwanashuru.

"Usiifikie! Pumzi ya kike ya nini vitani?"

Akamsukuma chini, akaenda. Akalirukia zimwi, akalichinja, damu ikamrukia usoni. Kichwa kikabiringika hadi miguuni pake. Akakiinamia. Katika tundu la kushoto aliona nta kuukuu, nyeusi, nyama imeota juu yake.

Sengwaji akapeleka kidole puani mwake. Tundu la kushoto halikuwapo tena.

Akanguruma, na pua ikatoa moto. Kutoka mjini akaisikia sauti ya Mwanashuru ikiwaita watoto wao:

"Ingieni ndani! Fungeni mlango! Zimwi linakuja!"