Gari Lisilo na Injini

Abebwaye hana mwendo. Nimesema hivyo kwa sababu mmemvamia Mwiza kwa maneno tangu aingie mlangoni: umechelewa mazoezi, huna adabu, kwaya nzima inakungoja wewe. Hakuna aliyemwuliza alikuja na nani. Sasa mnanitolea macho, "Bibi, methali hiyo umeitoa wapi?" Haya, kaeni. Methali hii ilianza hivi.

Kamera za kupima mwendo zilipofungwa kwenye barabara yetu, aliyezifurahia kuliko wote alikuwa Ntandu. Alikuwa na gari lake la kubebea watoto wa shule, na kwa miaka ishirini na sita hakuwahi kukamatwa kwa mwendo. Bodaboda zilimpita, matrekta yalimpita, na wambea walisema hata mbuzi walimpita. Yeye akijibu, "Waacheni. Kamera itawaumbua." Kosa lake lilikuwa moja tu: mbio ambazo gari lake halikuwa nazo, ulimi wake ulikuwa nazo. Hakumngoja mtu amalize kusema.

Likizo moja gari likaharibika, akalipeleka gereji kwa shemeji yake, Mughwai. Akamwambia, "Lisitoke nje ya uzio huu, na usiliache peke yake." Jumatatu akapita pale, akaona kwa macho yake injini imeshushwa, imelazwa juu ya gunia. Akarudi nyumbani roho kwatu.

Wiki iliyofuata ujumbe ukaingia kwenye simu yake. Gari lenye namba hizi, Jumatano saa nne asubuhi, limepita penye kibao cha hamsini kwa mwendo wa mia moja na kumi na mbili. Chini yake, picha. Ntandu akavaa miwani, akaivua, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Namba ni zake. Mlango wa nyuma uliobonyea, aliougonga mwenyewe kwenye geti la shule, ni wake.

"Mama Sima," akamwita mkewe, "hivi Jumatano nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa hapa, unapukuchua mahindi."

"Una hakika?"

"Baba Sima, unaumwa?"

Alichanganyikiwa kwelikweli. Gari halina injini, na gari limekimbia mwendo ambao halikuwahi kuufikia hata lilipokuwa nayo! Akaanza kuwaza labda kuna mkono wa mtu. Kamati ya shule nayo, habari zilipoifikia, haikutaka kusikia mambo ya injini. Ilimwambia shule zinafunguliwa Jumatatu. Alete barua ya polisi ya kumsafisha, la sivyo watoto watapewa dereva mwingine. Baadhi ya watoto wale, Ntandu alikuwa amewabeba hata mama zao walipokuwa wanafunzi, na bila wao hakujua asubuhi angeamkia nini.

Akaikuza picha. Kwenye kioo cha nyuma, upande wa usukani, akaona kichwa cha mtu mwenye kofia ya njano ya kufuma, ina kishada juu. Kofia ile ilikuwa moja tu kwetu kote. Mama Sima ndiye aliyemfumia kaka yake, Mughwai.

Akaenda gereji mbio mbio, mtu ambaye hakuwahi kuonekana akikimbia.

"Kofia hii ya nani?"

"Yangu, shemeji," Mughwai akajibu.

"Kumbe uliliendesha gari langu!"

"Hapana. Nilikaa kwenye usukani, lakini sikuliendesha. Nilikuwa nime—"

"Nyamaza! Umekaa kwenye usukani, gari linakwenda mia na kumi na mbili, halafu hukuliendesha? Mimi mtoto?"

Akamwita mwongo mbele ya wateja, akaondoka. Lakini njiani kichwa kilizidi kumvurugika. Kofia ni ya Mughwai, sawa. Na injini je? Iliingia yenyewe, ikatoka yenyewe?

Kesho yake akafika ofisi ya polisi wa usalama barabarani, akamkuta afande mmoja mwanamke, Tausi, mbele ya kompyuta.

"Afande, mimi sijui hata nikuambie nini. Nimekuja kujitetea, na ushahidi wote unaniumbua."

Tausi akacheka kidogo. "Mzee wangu, picha uliyotumiwa imekatwa. Kompyuta hutafuta namba ya gari, ikishaipata hubakiza kipande hicho tu. Ngoja tuifungue nzima."

Picha ikafunguka, na Ntandu akashika meza. Magurudumu ya gari lake hayakuwa barabarani. Yalikuwa juu ya lori, yamefungwa kamba za katani. Bodi ya nyuma ya lori ilikuwa imeshushwa, imeifunika namba ya lori lenyewe. Kamera ikatafuta namba, ikaona ya Ntandu. Na ndani ya gari, hakuna hata kiti kimoja cha abiria, Mughwai ameng'ang'ania usukani kwa mikono miwili.

"Afande!" Ntandu akapiga kelele hadi watu wakachungulia. "Gari langu limebebwa! Abebwaye hana mwendo!"

"Kweli, hana," Tausi akasema, akachukua karatasi. "Mwenye mwendo tutamtafuta kwenye kamera inayopiga magari kwa mbele. Wewe barua yako hii hapa."

Ntandu akaishika barua, lakini furaha haikumkaa. Alipita gereji kabla ya kwenda shuleni. Mughwai alipomwona akainamisha kichwa.

"Shemeji," Ntandu akasema, "jana ulianza kusema 'nilikuwa nime', nikakukata. Nime nini?"

"Nilikuwa nimebebwa," Mughwai akajibu taratibu. "Sakafu ya gari ilikuwa imeoza, nikang'oa viti, na anayejua kuichomelea yuko mjini. Uliniambia lisitoke, nikaogopa kukuambia. Uliniambia nisiliache peke yake, nikapanda nalo, nikalikanyagia breki njia nzima. Dereva wa lori nilimpigia kelele apunguze. Hakusikia."

Ntandu alimsikiliza mpaka mwisho, na ilikuwa mara yake ya kwanza. Machozi yakamlengalenga. Akawaita wateja wote waliosikia tusi la jana, wasikie na hili: "Mimi nimesafishwa kwa neno moja, na neno hilo ni la huyu pia. Abebwaye hana mwendo. Nisamehe, shemeji."

Ndivyo ilivyokuwa. Na Mwiza leo amekuja kwa gari la mjomba wake, ambaye hawezi kupita duka bila kuingia kusalimia. Mtoto wa watu amekaa kwenye kiti cha nyuma roho juu, anaona saa inakwenda. Haya, nani atampisha akae? Abebwaye hana mwendo.