Namsifu na Sahani ya Makande

Soma hii taratibu, si ndefu. Ukimaliza, mpelekee yule ambaye nyumbani kwake kuna mtu anayeambiwa kila siku kwamba anadeka.

Palikuwa na mwanamke aitwaye Namsifu, ameolewa na Elinazi, mtu wa milimani Upare. Wenyewe waliishi mjini Moshi. Namsifu alikuwa mcheshi, na kanisani ndiye aliyeanzisha nyimbo za kwaya.

Asubuhi moja alipiga mwayo, na kiungo cha taya, pale mbele ya sikio, kikalia kwa mlio mkavu. Tangu hapo kila alipotafuna kililia, maumivu yakapanda kichwani na kushuka shingoni. Sikio likawa linavuma kama mashine ya kusaga iliyo mbali. Siku nyingine mdomo uligoma kufunguka, akanywa uji kwa kijiko kidogo cha chai.

Alikwenda hospitali. Akang'olewa jino, maumivu yakabaki. Akatazamwa sikio, likaonekana zima. Mwishowe daktari mmoja akamwambia, "Ni kiungo cha taya, dada. Sina dawa ya kukimaliza. Usitafune vitu vigumu, usipanue sana mdomo, na ujifunze kuishi nacho."

Namsifu akaacha kwaya. Akaacha kucheka kwa sauti. Kwa kuwa usoni hapakuwa na kidonda wala uvimbe, watu walisema ameingiwa na maringo.

Ukweni walisema makubwa zaidi. Kila walipopanda milimani, mama mkwe, Mama Nakiete, alipika makande, mahindi na maharage yanayotaka kutafunwa sana, na kila mara Namsifu aliyaacha akaomba uji. Mwanzoni walinyamaza. Baadaye wifi yake, Ndeshi, akatamka kilichokuwa mioyoni mwa wengi.

"Mtu asiyekula chakula cha nyumba, anaiogopa nyumba. Huyu anadhani mama ni mchawi."

Neno hilo likafika kwa majirani. Kwenye misiba, watu wakaanza kukwepa sufuria la Mama Nakiete. Mama wa watu, aliyewapikia wenzake tangu usichana wake, akawa anakaa jikoni peke yake.

Kikaitwa kikao cha ukoo. Baba mdogo wa Elinazi akamketisha Namsifu katikati, na sahani ya makande mbele yake.

"Mkwe, hatugombani na wewe," akasema. "Kula tu, watu waone. Heshima ya mama yenu irudi."

"Baba mdogo, ninaumwa," Namsifu akajibu kwa sauti ndogo. "Si kwamba sitaki."

"Unaumwa wapi? Tuonyeshe."

Akagusa shavu. Hapakuwa na cha kuonyesha. Akamtazama mumewe, naye Elinazi akainamisha kichwa.

"Kula, mke wangu," akasema. "Leo tu."

Namsifu akala. Machozi yalimtoka kwa kila tonge, lakini hakuguna. Alimtazama mama mkwe wake muda wote, akala mpaka sahani ikabaki tupu.

Mama Nakiete akashusha pumzi, akajifuta uso kwa ncha ya khanga. Wazee wakaridhika. Namsifu naye akadhani yamekwisha.

Ndipo Ndeshi akasema, "Kwa hiyo miaka yote hii ulikuwa unaweza."

Watu wakatazamana. Namsifu akaelewa kwamba amejiondolea shutuma moja na kujitia katika nyingine. Alitaka kusema, mdomo haukufunguka. Meno yalikuwa yamekutana na taya limekwama.

"Sasa ananuna," baba mdogo akasema. Watu wakaanza kutawanyika.

Mama Nakiete alimkuta nyuma ya nyumba, ameegemea ukuta, mate yakimtoka pembeni mwa mdomo. Akamwekea kiganja shavuni. Chini ya ngozi, msuli ulikuwa mgumu kama jiwe, na ulikuwa unatetemeka.

"Mwanangu," akasema. "Mbona hukutuambia?"

Namsifu alikuwa amewaambia miaka yote. Sasa ndipo alipokuwa hawezi kusema.

Taya lilifunguka baada ya siku kadhaa, lakini halikurudi kama mwanzo. Hata uji mzito siku hizi humtesa. Mama Nakiete alipita nyumba kwa nyumba akieleza alichokishika kwa mkono wake. Wengine walimwamini, wengine walisema anamtetea mkwe tu. Na kwenye misiba bado wapo wanaomkwepa.

Namsifu akija, mama mkwe humpikia uji mwepesi, nao hukaa jikoni wawili, kila mmoja na bakuli lake. Hawazungumzi sana. Kuzungumza kunamuumiza.

Funzo: Mtu akikwambia anaumwa, usimdai ushahidi. Huenda akautoa kwa mwili wake, nawe ukautumia huohuo kumwita mwongo.