Fisi, Kirusi na Bwawa la Kiwambo

Zama zile wanyama walipokuwa wakijua kusema, na wengine wakijua kusema kupita kiasi, kulikuwa na bonde liitwalo Kiwambo. Mwaka mmoja mvua iligoma kabisa. Mito ikakauka, majani yakawa makavu hata yakalia chini ya kwato, na bonde zima likabaki na bwawa moja tu, lenye maji ya kahawia na kambare wengi waliobanana ndani yake. Wakubwa kwa wadogo walikunywa hapo. Walisukumana, walitukanana kidogo, lakini walikunywa.

Wanyama wa Kiwambo walikuwa na desturi yao. Hakuna aliyegusa maji kabla hajamsalimia kila aliyemkuta, na salamu yao ilikuwa pua kwa pua. Unamsogelea mwenzio, unaweka pua yako kwenye yake, unavuta pumzi, naye anavuta, ndipo mnaulizana habari za nyumbani. Aliyempita mwenzake bila kumnusa alisengenywa hadi achoke. Kobe, ambaye huingiza kichwa ndani kila kitu kinapomkaribia usoni, alihesabiwa kuwa hana malezi. Fisi kwa upande wake alipenda sana kusalimia, ila hakuna aliyetaka kumnusa, kwa ile harufu ya mizoga anayotembea nayo. Akija na pua yake, wenzake hukumbuka ghafla kwamba wana shughuli mahali pengine.

Basi katika ukame huohuo wakapita ndege korongo wakitoka mbali. Wakasema huko watokako umezuka ugonjwa mpya wa kuambukiza, unaoletwa na kitu kiitwacho kirusi. Walipoulizwa kirusi ni nini, walikuwa wameshapaa. Haikuchukua muda Nyani akaanza kupiga chafya. Akafuata Punda Milia, kisha Ngiri na watoto wake wote. Ilikuwa homa, macho mekundu na kikohozi, na wengi walilala chini kwa siku kadhaa kabla ya kuinuka.

Kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona Kirusi, kila mmoja alimjua. Tembo alishikilia kwamba kitu kinachoweza kuangusha familia nzima ya Ngiri hakiwezi kuwa kidogo kuliko yeye Tembo. Panya akasema hapana, ni mdogo, anapita kwenye matundu. Twiga akasema anakuja na upepo, na yeye ndiye atakayemwona kwanza. Mmoja akatafuna mwarobaini mpaka ulimi ukafa ganzi, mwingine akajipaka majivu mkiani. Ikavuma kwamba dawa ni kulala kichwa chini miguu juu, na kwa mara ya kwanza Popo akaanza kutembelewa na wageni.

Simba akaitisha baraza. Mwenyewe alikuwa amepiga chafya alfajiri ile, tena nzito, lakini mfalme hapigi chafya. Alimwambia mkewe kwamba huo ulikuwa mngurumo wa aina mpya. Alipokaa juu ya mwamba wake na kuuliza nani anajua habari za adui huyu, Fisi akajitokeza mbele.

"Mtukufu, mimi nimemwona kwa macho yangu," akasema. "Yuko bwawani. Amekaa chini kwenye tope, ana macho mwili mzima. Anayekunywa yale maji anammeza."

Baraza zima likarudi nyuma hatua moja. Kuro, mama yake Chepe, yule swala mkubwa asiyeweza kuishi mbali na maji, akauliza kwa sauti ndogo imekuwaje basi Fisi mwenyewe haumwi, na kila siku yuko pale pale bwawani.

"Mama Chepe, tumbo langu mnalijua," akajibu Fisi. "Nimekula vitu ambavyo ninyi hamwezi hata kuvitaja mbele ya watoto. Kirusi atanifanya nini?"

Hilo halikuwa na ubishi. Basi Fisi akapendekeza sheria, na Simba, aliyekuwa akifikiria pua yake tu, akaipitisha haraka: asionekane mnyama bwawani, na atakayelowesha mdomo kwa maji yale atafungiwa peke yake pangoni hadi mvua zirudi, wala asile tena chungu kimoja na wenzake. Fisi ndiye awe mlinzi. Na kwa kuwa kazi ni ya hatari, apewe paja moja katika kila windo la mfalme.

Hapo Fisi akaanza kuishi. Asubuhi alikunywa mpaka tumbo likanesa. Mchana alikamata kambare, akala vichwa kwanza, kisha akajilaza kwenye tope la ubaridi huku akicheka kicheko chake kile kibaya. Aliposikia kwato zinakuja, alisimama haraka na kupaza sauti kwamba leo Kirusi kaamka na hasira, heri kila mtu arudi kwake. Wale wa kwato walirudi mbio, wakimshukuru kwa moyo wake wa kujitolea.

Wenzake waliteseka. Walilamba umande, wakatafuna mizizi, wakaenda mbali kuchimba mchanga wa mto uliokauka, na walirudi na kiu kubwa kuliko waliyoondoka nayo. Aliyeumia kuliko wote alikuwa Kuro. Alikuwa amezaa mtoto, Chepe, aliyekuwa bado anatetemeka miguu, na mama asipokunywa mtoto hana cha kunyonya. Alikwenda kumsihi Fisi ampe hata funda moja. Fisi akamwambia kwa upole kabisa kwamba anamkatalia kwa usalama wake. Nyuma ya Fisi, Kuro aliyaona maji yakimetameta. Aliondoka analia, na hakuona haya kulia.

Akaenda kwa Sungura. Sungura ndiyo kwanza alikuwa amepata nafuu. Wakati maji yanafungwa yeye hakuwepo, alikuwa kwenye shamba la maharage la binadamu, kwa kazi zake mwenyewe ambazo mwenye shamba hakuzijua. Siku aliyorudi alikutana njiani na Ngiri, aliyekuwa bado anakohoa, wakanusana vizuri kama ndugu, na kabla hajafika nyumbani wala kuonja maji ya mtu, homa ikamwangusha.

"Kaka Sungura, maziwa yananikauka," akasema Kuro. "Mtoto ananyonya hewa. Nikinywa nitaugua, nisipokunywa huyu atakufa. Niambie mwenyewe nishike lipi."

Sungura alimtazama Chepe, aliyekuwa akisukuma kichwa tumboni mwa mama yake bila kupata kitu, na utani wote ukamtoka. Alimwomba Kuro amvumilie kidogo. Kisha akakaa akiwaza: kama Kirusi yuko majini, mimi nilimmezea wapi?

Akazunguka kwa nyuma hadi upande wa pili wa bwawa, kwenye matete, anakoishi Kobe. Fisi hakuwahi kujisumbua na Kobe, maana gamba halitafuniki. Kobe alikuwa mzima wa afya. Alisema amekuwa akinywa maji yale kila siku na kulala humo humo, wala hajakohoa. Akasimulia pia habari za kambare, kwa uchungu, kwa sababu Fisi alikuwa akimtupia mifupa kichwani. Sungura akamuuliza kama amesalimiana na mtu siku za karibuni.

"Nisalimiane na nani?" akasema Kobe. "Mwenzangu akileta pua, mimi naingia ndani. Mmenisema miaka yote kwamba sina adabu."

Sungura alicheka mpaka akakaa chini. Waliougua wote walikuwa mabingwa wa kunusana. Kobe hanusi mtu, na Fisi hanuswi na mtu. Hilo tumbo lisiloogopa kitu halikuwa na habari yoyote na Kirusi. Fisi aliponea kwenye uvundo wake.

Lakini Sungura alizijua sifa zake mwenyewe za ujanja. Akisimama barazani na kusema ukweli, wote wangeanza kutafuta uongo ameuficha wapi. Ilibidi ukweli utoke kinywani mwa mwingine, na kinywa cha Fisi alijua kinafunguliwa na nini.

Akaenda kwa Simba, akasimama mbali kidogo na pua ya kifalme, iliyokuwa bado inatiririka, akasema nchi nzima inazungumza jinsi mfalme alivyomsahau shujaa wake. Mlinzi anahatarisha roho kila siku na hajafanyiwa hata karamu. Simba hakupenda kusikia kwamba amesahau jambo. Akaua nyati mnono, na wanyama wote wakaalikwa uwanjani, wanaokula nyama na wanaokula majani, waje kumpongeza Fisi.

Fisi alifika amechana manyoya. Nyati alikuwa amelazwa katikati ya uwanja, tumbo limefunguliwa, ini likitoa mvuke. Fisi alilitazama lile ini jinsi wengine wanavyowatazama wachumba. Sungura, aliyejipa mwenyewe kazi ya kuongoza sherehe, akamwuliza mbele ya wote kama tangu sheria ipite kuna mnyama yeyote aliyelowesha mdomo bwawani.

"Hakuna," akasema Fisi. "Hata mimi mwenyewe. Naapa kwa mama yangu."

"Tunashukuru," akasema Sungura. "Nilitaka tu kuhakikisha, maana kuna usharubu wa kambare umekwama kwenye meno yako. Na hilo tope limekufika tumboni. Nikaogopa, nikasema huenda shujaa wetu amemmeza yule mgeni bila kujua."

Wote wakatazama, na kweli usharubu ulikuwepo, mrefu, unaning'inia. Uwanja ukafunguka kumzunguka Fisi. Twiga alikwenda mbali kuliko wote. Sungura akamgeukia Simba, akakumbusha kwa masikitiko kwamba sheria ni ya Fisi mwenyewe: aliyegusa maji aende pangoni, wala asile na wenzake. Simba akaamuru nyati aondolewe, agawiwe wengine, na Fisi apelekwe pangoni.

Chui akashika mguu mmoja wa nyati, Mbwa Mwitu wakashika mwingine, wakaanza kuvuta. Fisi akameza mate. Akaona ini linaondoka. Akafunga macho ili asilione, lakini harufu ikamfuata, na alipolifungua jicho moja Chui alikuwa ameshaanza kuonja.

"Liacheni!" akapiga kelele. "Yale maji hayana kitu! Nimeyanywa tangu siku ya kwanza, nimeyaoga, nimekula humo mpaka nimechoka, niangalieni nilivyonenepa. Hakuna Kirusi bwawani, hakuna kitu, nipeni nyama yangu."

Kisha ikasikika sauti ya kwato. Kuro hakungoja hukumu wala maelezo. Alikuwa ameshaondoka anakimbia kuelekea bwawani, Chepe akijikongoja nyuma yake, akaingia majini hadi magotini na kuinamisha shingo. Alikunywa bila kuinua kichwa, na wenzake walimsikia kutoka uwanjani akilia na kunywa kwa pamoja.

Wengine wote wakataka kumfuata kwa kishindo, lakini Sungura aliruka juu ya jiwe akawazuia. Aliwaambia ugonjwa upo kweli, wasije wakaona umekwisha, ila mahali pake ni puani, si majini. Akawaeleza habari ya Kobe, na ya kwake mwenyewe na Ngiri. Wanywe, lakini wasimame mbalimbali, na salamu iwe kutikisa mkia tu mpaka mambo yatulie. Anayekohoa akae kwake, apelekewe maji.

Simba akashuka kutoka mwambani, amekunja uso, mkono wa makucha umeinuliwa. Fisi alijua hana njia. Na Kiwambo hata kuomba radhi hufanywa kwa pua. Akajitupa mbele ya mfalme, akaikamata ile pua kubwa kwa pua yake, akang'ang'ania, akavuta pumzi ndefu ya toba. Sungura alifungua mdomo kumwonya, ila alikuwa ameshachelewa. Uso wa Simba ukajikunja, ukakunjuka, ukajikunja tena, halafu akapiga chafya iliyomrusha Fisi hadi kwenye miiba.

Hakuna aliyethubutu kucheka. Simba akajifuta taratibu, akawatazama raia wake mmoja baada ya mwingine.

"Nimeshamhukumu," akasema.

Hapo Tembo akashindwa kujizuia, na Tembo akicheka bonde zima linajua. Wakacheka wote, hata Simba mwishowe, na chafya ikamshika tena katikati ya kicheko.

Fisi hakuhitaji kufungiwa. Siku chache baadaye alijikokota mwenyewe pangoni, homa imempanda, macho mekundu, kicheko kimegeuka kikohozi. Alilala humo akingoja kufa kwa kiu, maana alijua hesabu yake na wenzake ilivyo. Mchana mmoja akasikia kwato nje. Kuro alikuwa ameleta kibuyu cha maji, ameking'ata kwa kamba yake, na Chepe, aliyenenepa sasa, alikuwa akirukaruka nyuma. Kuro akakiweka kibuyu mlangoni, akarudi nyuma umbali wa kutosha.

Fisi akakitazama kile kibuyu, akashindwa kukigusa.

"Mama Chepe, kwa nini unaniletea wewe?"

"Kwa sababu una kiu," akasema Kuro, akamwita mwanawe, wakaenda zao.

Basi mimi nimefika nilipotaka kufika, na aliyesikiliza achukue chake. Ugonjwa mpya ukizuka usimcheke anayeogopa, kuogopa si kosa. Lakini akitokea mtu wa kukukataza maji, mtazame kwanza midomo yake, kama imekauka kama yako.