Asali Iliyochotwa Mara Mbili

Mrina asali mmoja, jina lake Kapela, alikuwa na nyumba upande huu wa mto na mizinga upande wa pili. Huku walikuwako ndugu zake na makaburi ya wazazi wake; kule ulikuwako msitu wa miyombo, malisho ya nyuki. Kila upande ulikuwa na mtemi wake. Watemi hao hawakuwa maadui, ila hawakuwa na mazoea ya kusemezana.

Kila msimu wa kurina, Kapela alipotoka msituni na kilindo chake cha gome, kimejaa asali, begani, wajumbe wa mtemi wa kule walimngoja kivukoni, wakachota fungu lao. Maua ni yetu, walisema, naye hakubisha, kwa maana yalikuwa yao kweli. Akivuka, aliwakuta wajumbe wa mtemi wa nyumbani, nao wakachota kana kwamba hakuna aliyetangulia. Siku moja akawaambia kuwa amekwisha kutoa.

"Umewapa wao, hukutupa sisi," mkubwa wao akajibu, akilamba kidole. "Nyuki wako wanakula kule, Kapela, lakini wewe unakoroma huku. Au tukulaze katikati ya mto?"

Wenzake wakaangua kicheko. Kapela naye akacheka kidogo, kicheko cha mtu asiye na la kufanya. Kilichomuuma zaidi ni kwamba kila upande, ukisikilizwa peke yake, ulikuwa na haki.

Asali iliyosalia haikutosha kubadilishwa na mtama wa kuwafikisha yeye na wanawe masika. Ndipo, mwaka wa njaa, alipokusudia jambo ambalo mrina aliyefunzwa na baba yake halifanyi. Desturi ni kuyaacha masega ya ndani kabisa, yaitwayo fungu la wenyewe, ili nyuki wavuke nayo kiangazi. Mkewe, Nyamizi, alimwona akinoa kisu kirefu, akaelewa.

"Baba Kalunde," akamwambia, "hilo hata watemi hawajalidai."

Uani watoto walikuwa wakigombea ukoko. Kapela akaenda, akayakata masega yale. Nayo yakachotwa kule, yakachotwa na huku.

Kiangazi kilipokwisha, watemi wale hatimaye waliketi pamoja, wakapatana bila shida. Mtemi wa msitu atachota kwanza, kwa kiasi, kisha kilindo kifungwe ukambaa shingoni, uwe alama. Mtemi wa nyumbani, akiuona ukambaa, atakihesabu kilichotolewa kule kuwa kimetolewa kwake, adai upungufu tu, kama upo. Hakuna aliyepungukiwa na heshima. Ulikuwa mkataba mwema, na warina wengi wamekula matunda yake tangu siku hiyo.

Kapela alivuka akiwa na furaha. Akapanda mti baada ya mti, akatega sikio kwenye kila mzinga. Ndani mlikuwa na utando wa buibui na unga wa masega yaliyoliwa na nondo. Aliporudi kivukoni, mjumbe wa kule alichungulia ndani ya kilindo kitupu, akasita, kisha akakifunga ukambaa vivyo hivyo, kwa kuwa ndivyo alivyoagizwa. Ng'ambo, yule mkubwa wa wajumbe akautazama ukambaa, akasogea kando kwa adabu.

"Pita, mzee. Huku hudaiwi kitu."

Wenye haki wawili wanapokawia kusemezana, ni nani anayelipia ukimya wao?